Sauti ya Mama Siku ya Arobaini

Theonest ana tabia ya kunyamaza akiwa na kosa. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja nilidhani ni upole.

Tulianza kwa kupiga video za harusi pale Ushirombo. Yeye alishika kamera, mimi nilihariri, na kila harusi zilipoadimika tulizungumzia filamu yetu wenyewe. Siku ilipofika ya kuitengeneza kweli, mtayarishaji nikawa mimi, mhariri mimi, na mpishi wa waigizaji pia mimi. Theonest alileta kamera na chumba chake cha studio, nyuma ya duka la vitenge la Mzee Liaquat. Filamu ilimhusu mjane anayewagomea wachimbaji wanaotaka kufukua kaburi la mumewe kwa sababu mwamba wa dhahabu umepita chini yake. Mwigizaji tuliyemtegemea alipata kazi Geita akatutoroka, nikamwomba mama yangu mzazi asimame badala yake. Mama hakuwahi kuigiza chochote maishani mwake, isipokuwa ugonjwa siku za vikao vya ukoo.

Alinishangaza. Alisimama pale makaburini akawasema wale wachimbaji kwa Kisukuma mpaka vijana wakasahau maneno yao. Mwishoni, wachimbaji wanapokubali kuondoka, mimi nilikuwa nimeandika kwamba mjane analia. Mama hakulia. Alisema tu "Wabeja", asanteni, kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka kushukuru kwa kilicho chake. Wakati wa kuhariri nilikuwa nalirudia neno lile mpaka Theonest akaniambia litachakaa.

Mama akafariki kabla filamu haijatoka. Ilikuwa presha, na haikumpa nafasi. Theonest alibeba jeneza akiwa mbele, akalia kuliko kaka zangu. Mama alikuwa akimwita mwanangu na kumwekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kila alipokuja kwetu. Mimi nilibaki nyumbani na msiba, na ile diski yenye kila kitu, picha na sauti, nikamwachia yeye. Ningemwachia nani mwingine?

Kila aliponipigia simu nilimwuliza habari za sauti za Mama. Zipo, alisema, nisihangaike. Basi ukoo ukakubaliana kwamba siku ya arobaini, baada ya misa na chakula, watu wataangalia filamu.

Mama mkubwa Euphrasia, dada yake Mama, alitoka Mhunze kwa ajili hiyo. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni ila mwanga, na mazishini hakufika kwa sababu mvua zilikuwa zimekata barabara. Tukamkalisha karibu na televisheni. Akaniambia yeye hakuja kuangalia, amekuja kumsikia mdogo wake.

Theonest alifika na flashi mfukoni, akawaamkia wakubwa wote, akaichomeka kwenye televisheni, kisha akaenda kusimama mlangoni. Ningepaswa kujua hapohapo. Mtu hasimami mlangoni wakati filamu yake inaonyeshwa.

Mama akatokea na khanga yake ya bluu. Kabla hajafungua mdomo ikaingia sauti ya Ngusa. Huyu ni DJ wa Kahama anayetafsiri filamu za Kikorea na za Kihindi kwa ajili ya vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, kuanzia mjini mpaka machimboni. Huongea juu ya mwigizaji, hutania, husalimia wateja wake kwa majina, na sauti iliyo chini yake huisikii. Kila neno la Mama alikuwa amelifunika. Mama anawakemea wachimbaji, Ngusa anasema bibi huyu leo hajala. Watoto wakacheka. Kisha wajomba nao wakacheka, kwa sababu Ngusa anachekesha, hilo siwezi kumnyima.

Nilimfuata Theonest nikamwuliza filamu yetu iko wapi. Akaanza kunieleza mambo ya vibanda, kwamba hakuna mwenye kibanda anayepokea filamu isiyo na DJ, na kwamba wachimbaji hawana muda na Kisukuma cha wazee. Nikamwambia sijauliza vibanda, nimeuliza diski.

"Watu wa Ushetu walikuwa wameuza tumbaku, Suzana," alisema. "Kila mtu anaoa. Diski ikajaa harusi."

"Ukafuta."

"Nilijua Ngusa anayo. Nikaona inatosha."

Ngusa naye hatunzi kitu. Akishaweka sauti yake anafuta, anaanza nyingine. Nikamwuliza Theonest alifuta lini, akataja tarehe akiangalia viatu vyake. Ilikuwa wiki ileile ya mazishi. Alitoka kumzika mama yangu, akaenda studio kumfuta, na kila nilipouliza akaniambia zipo. Mama alizoea kusema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo hiyo nilikuwa naivaa hadi kanisani. Nilitaka kumpiga.

Ndani kicheko kilipotulia, nilimsikia mama mkubwa akiuliza.

"Mdogo wangu ataongea saa ngapi?"

Kwenye televisheni wachimbaji walikuwa wanabeba sururu zao. Niliingia, nikachukua rimoti, nikaizima sauti ya Ngusa, nikakaa sakafuni miguuni pa mama mkubwa. Neno lile nililihariri kwa mikono yangu, najua Mama anavuta pumzi wapi. Mdomo wake ulipofunguka nikasema naye, taratibu kama alivyosema.

"Wabeja."

Mama mkubwa akapapasa mpaka akakipata kichwa changu.

"Hiyo ni sauti yako, mayu, mwanangu," akasema. "Mimi nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu."

Nikageukia mlangoni ili Theonest amjibu mwenyewe. Alikuwa ameshaondoka.