Vijitabu vya Mazishi vya Ziwani

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Asubuhi mawingu yalitanda mtaani kwetu Ziwani, mvua ikakataa kunyesha, joto likabaki ndani ya nyumba.

Nilivuta sanduku la bati chini ya kitanda nikitafuta kijitabu cha mazishi ya Mzee Kiema, fundi wa ngozi wa soko la Kariokor aliyefariki tarehe kama hiyo. Mimi na mume wangu Caleb tumeweka vijitabu hivyo tangu 1983, yeye akiwa bado karani wa reli. Kila mazishi tuliyohudhuria tulirudi na kijitabu chenye picha ya marehemu, historia yake na majina ya aliowaacha. Tumevipanga kwa tarehe za kufariki. Siku ya mmoja wao ikifika, tunafungua chake na kuwaombea waliobaki, jina kwa jina.

Cha Mzee Kiema hakikuwapo. Kilikuwa cha tatu kupotea tangu Januari.

Caleb alisema labda nimekiweka mahali pengine. Alisema haraka mno. Lakini mimi nilimfikiria Gordon, mwana wa marehemu shemeji yangu, anayekaa Komarock. Sisi hatukujaliwa mtoto, na vyetu vitamwangukia yeye. Tangu Krismasi alikuwa akija kila wiki, na mkoba wake ulitoka umejaa kuliko ulivyoingia. Niliwahi kumsikia akiuliza karatasi zote hizi zitaenda wapi. Nikaona tayari zikifungiwa mandazi.

Nilimwomba Mungu anitulize. Hakunituliza, au mimi sikungoja.

Alasiri ushirika wa nyumbani ulikutana kwetu, kina mama sita, na Gordon akaingia na mkoba wake. Jirani yangu Phelister akamtania kwamba anatembea kama mkunga aliyeitwa haraka. Wote wakacheka isipokuwa mimi. Wimbo wa kwanza ulipokwisha nikasimama.

"Gordon, fungua mkoba."

"Mama, si mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndipo hasa."

Alimtazama Caleb, kisha akafungua. Vijitabu viwili vya kwanza kupotea vilikuwamo, ingawa cha Mzee Kiema hakikuwamo. Nilihisi nimeshinda, nayo ilikuwa dhambi.

Caleb ndiye aliyezungumza. Alisema ni yeye aliyempa Gordon, awatafute watoto wa marehemu na kuwarudishia.

"Asenath, nina miaka themanini na moja. Tukiondoka, karatasi hizi ni za kuwashia jiko. Ningekwambia, ungekataa."

Kweli ningekataa. Nilimwomba Gordon msamaha palepale, akanipa bila kuniangalia. Hata hivyo shaka yangu haikuisha, ilihama tu. Mtu atapewa kijitabu, aitazame picha mara moja, akitie kabatini. Nani atayaita yale majina? Nikasema hakuna kitakachobaki kwa mtu asiyekuja kuahidi mbele ya ushirika kwamba atayaita.

Gordon akasema cha Mzee Kiema amekwisha kumpa bintiye, akapiga simu. Kariokor si mbali. Ndindi, binti wa Mzee Kiema aliyerithi kazi yake ya kushona ngozi, akafika na aproni yake ya kazi, kijitabu cha baba yake mkononi. Nilimweleza tunavyofanya, na kwamba anaweza kukiacha tu, hakuna atakayemlaumu. Nilimkagua uso kama yeye anavyokagua mshono. Akasimama katikati yetu.

"Mama, nanyi nyote mnaonisikia. Mimi na kaka yangu Matheka hatujasemezana tangu matanga ya baba. Jina lake limo humu. Kila mwaka nitaliita mbele za Mungu, kabla ya langu."