Nyaya Mbili za Buluu

Wilkista aliingia katika gereji ya Gladwell Wamboi mjini Kitale akiwa hajazima injini tangu atoke Bungoma. Majirani wawili ndio waliomsukuma asubuhi hiyo mpaka gari likawaka.

"Nikizima haitawaka tena," alisema.

"Zima tu, mama," Gladwell alimjibu. "Mimi ndiye nitaiwasha."

Gladwell alikuwa na miaka ishirini na minane. Kazi ya stima, yaani umeme wa magari, alifundishwa na baba yake, Gikonyo, na mzee aliporudi kwenye mahindi yake, binti akabaki na gereji. Alimvutia Wilkista kiti na kumwambia aeleze mambo yote tangu mwanzo.

Ilikuwa Septemba, mwaka wa 2006. Likizo ya Agosti, mume wa Wilkista, mwalimu Wabwile anayefundisha fizikia, alinunua redio ya CD na amplifaya ya kukuza sauti, akazifunga mwenyewe garini kwa siku mbili. Muziki ulitoka vizuri hata majirani wakaja kusikiliza. Siku ya tatu gari likakataa kuwaka. Betri mpya ikanunuliwa, nayo ikaisha usiku mmoja. Wilkista ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Asubuhi moja alifika kazini amechelewa, akakuta mama amejifungulia kwenye korido, mtoto amepokewa na mfagiaji. Wote wawili walikuwa wazima, lakini siku hiyo Wilkista hakumsemesha mumewe mpaka jioni.

"Mafundi wa kwetu walitoa fyuzi zote, hawakuona kitu. Ati alternata ya kuchaji betri imekufa. Mimi nataka hiyo redio itolewe, basi."

"Ngoja kwanza. Tusiihukumu redio."

Gladwell alichomoa waya mmoja kwenye betri, akaunganisha taa yake ndogo ya kupimia kati ya waya huo na betri. Ikawaka, ingawa gari lilikuwa limezimwa na milango imefungwa.

"Umeona? Kuna kitu kinakula betri saa hii."

Akaanza kutoa fyuzi, moja baada ya nyingine. Taa haikufifia hata kidogo. Alipotoa ya mwisho, Wilkista akashusha pumzi. "Si nilikwambia? Ni vile vile."

"Si vile vile, mama. Sasa najua stima haipiti kwa fyuzi hizi."

Alirudi kwenye betri, akaushika waya mnene mwekundu ambao haukuja na gari. Akaufuata kwa vidole hadi ndani, chini ya zulia, mpaka kwenye kiti cha abiria. Akaingiza mkono chini ya kiti, akatabasamu.

"Weka mkono hapa."

Wilkista akaweka. Amplifaya ilikuwa na joto kama chuma cha pasi kilichosahaulika.

"Redio imelala, hii iko macho usiku kucha. Hebu nipigie mwalimu."

Wabwile hakujua kwamba gari limepelekwa Kitale. Alisikika akinung'unika, kisha akauliza fundi ni nani. Gladwell akaichukua simu.

"Mwalimu, habari ya kazi. Ule waya mwembamba wa kuamsha amplifaya ulifunga wapi?"

"Kwa waya wa betri, moja kwa moja."

"Kwa nini?"

"Bana, mwanzo nilifunga kwa waya wa buluu wa redio. Stesheni zinalia vizuri, nikiweka CD, kimya. Nikaona huo waya haufai."

"Ulikuwa umekaribia sana, mwalimu. Nyaya za buluu ziko mbili. Ile buluu tupu ni ya eria ya kunasa stesheni, CD ikicheza inajizima. Yako ni ile yenye mstari mweupe, inayoamka na kulala pamoja na redio."

Wabwile akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Mstari mweupe! Niliuona nikafikiri ni urembo. Mwambie mke wangu anisamehe."

"Mwambie mwenyewe," Gladwell alisema, akamrudishia Wilkista simu.

Ilimchukua nusu saa. Alihamisha waya, akazungusha tepu nyeusi, akarudisha fyuzi, akaunganisha tena taa yake. Safari hii ilibaki giza. Akarudisha waya wa betri, gari likawaka bila kusukumwa, na Wilkista akatoka Kitale na CD ikicheza kwa sauti ya juu.

Mwezi uliofuata Wabwile alimwalika Gladwell shuleni kwao, Bungoma. Alichora ubaoni mchoro wa nyaya za gari lake mwenyewe, pamoja na kosa lake, akawaambia wanafunzi wa kidato cha tatu kwamba aliyelifanya ni yeye na aliyeligundua ni huyu fundi. Kisha akampa Gladwell chaki, akaenda kuketi nyuma ya darasa. Maswali yalikuwa mengi mpaka kengele ya chakula ikapita bila mtu kuinuka.