Mwenye Neno na Aseme

Nilitoka karakana Jumamosi mchana, nikafika nyumbani na kukuta kanzu ya mwanamume ikining'inia kwenye kamba ya nguo uani kwangu. Ilikuwa nyeupe, ndefu, bado inadondosha maji. Mimi sina kanzu. Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli, na mtu wa grisi hana shughuli na nguo nyeupe. Nikaizunguka kanzu ile kama askari anavyozunguka mzigo uliotelekezwa kituoni. Jikoni, nyuma yangu, mke wangu alikuwa anaimba.

Kuimba kwenyewe kulikuwa kunanitia shaka kwa muda sasa. Mwanamke niliyemwoa hakuwa wa nyimbo. Alikuwa mtu wa kushtuka: ukigonga mlango anaangusha sahani, ukimwita ghafla anashika kifua. Lakini tangu aanze kwenda kwenye kanisa lile lililo ndani ya ghala kuukuu, amekuwa anacheka peke yake, anaimba akimenya viazi, na watu wakibisha hodi anawakaribisha kabla hata hajaona sura zao. Sikupendezwa. Katika maisha yangu nimeona watu wakitulizwa kwa sababu moja tu, wanyang'anywe kitu wakiwa wametulia. Bosi aliyetaka kutukata mishahara alianza kwa kutununulia soda.

"Kanzu ya nani hii?" nikauliza kutoka uani.

"Ya kanisa. Kesho kuna ubatizo. Nimepewa kufua."

"Kanisa zima halina kamba mpaka ije kuanikwa kwangu?"

Akacheka. "Wewe nawe! Hata kuku akitaga unamuuliza katumwa na nani."

Nilikuwa karibu kucheka pia, ndipo upepo ukaipindua kanzu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa kiwikoni na kushonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo, iliyobanana, ya mke wangu. Ilikuwa imetengenezwa ivaliwe na mtu mwenye mkono mmoja.

Mji mzima namjua mtu mmoja wa namna hiyo. Tulikuwa tunamwita Sikio.

Mimi shule niliiacha njiani. Mengi niliyoyajua niliyasoma kwenye vipande vya magazeti ya kufungia sabuni, nikiwa nimesimama, mafuta ya mashine vidoleni. Lakini kichwa changu hakisahau. Tulikuwa watu wa kiwanda cha magunia, na mashine za kusokota nyuzi hazikuwa na vifuniko. Meno yake yalikuwa wazi kama ya mbwa. Tuliomba vifuniko, tukaambiwa tusubiri. Tukaomba tena, tukaulizwa wachochezi ni akina nani. Tukagoma. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa mwenyekiti wa kamati. Mimi nilikuwa wa kupiga kelele, ndiyo maana waliniita Kipaza. Na Sikio alikuwa katibu: mpole, msikivu, kila mkutano anakaa karibu na mlango. Tulichosema asubuhi, mchana kilikuwa kimefika mezani kwa meneja.

Askari walipoanza kutusaka tulimficha shemeji kwenye nyumba ya mjane mmoja ng'ambo ya reli. Wakamkuta. Akafa rumande, kwa kifua, wakasema, na sanduku tukapewa limeshapigiliwa misumari. Mgomo ukafa naye. Vifuniko havikuwekwa, na baadaye mashine ile ile ikaula mkono wa Sikio, na wakubwa wake wakamtupa nje ya geti kama walivyotutupa sisi. Siku niliyosikia habari hiyo nilikula nikashiba.

Hata hivyo kulibaki jambo. Kwamba Sikio ndiye aliyepeleka habari, hilo nilijua. Lakini yeye aliijuaje nyumba ile? Hakuwamo katika mpango. Lazima kulikuwa na mtu wa pili. Nilimshuku mjane mpaka akafa. Nilimshuku mwuza mkaa wa jirani yake. Kila nilipokumbuka, nilisema mezani kwangu, watoto wakisikia: aliyewafikisha pale mlangoni, namwombea asipate hata wa kumtupia udongo kaburini.

Niliingia jikoni. "Unamfulia nguo mtu aliyemuua kaka yako."

Mke wangu hakuacha kumenya. "Namfulia."

"Na unajua ni yeye?"

"Mkono nimepima mwenyewe."

Nilishika ukingo wa meza. "Anatafuta nini kwenu? Cheo? Mtu wa kumpikia? Wale hawabadiliki, mama. Wanahamia tu mahali ambapo hawajulikani."

"Anatafuta nilichotafuta mimi."

"Wewe ulikuwa na dhambi gani? Kuunguza maziwa?"

Kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea. Akasema, "Msamaha, mume wangu, na kujua kwamba umepewa kweli, si kubahatisha."

Maneno hayo yaliniudhi kuliko kanzu. Mimi mtu akiniambia ana hakika na kitu asichokiona, namwangalia mifuko. Nikamkumbusha desturi ya kanisa lao, ambayo yeye mwenyewe aliwahi kunisimulia: kabla mtu hajaingia majini, mchungaji huuliza kama kuna mwenye neno juu yake. Mwenye neno akisimama, mtu haingii mpaka neno liishe.

"Basi kesho nakuja na neno langu," nikasema.

Nilitegemea machozi, au angalau kubembelezwa. Akasema, "Njoo. Nitakupigia shati pasi."

Shaka ikanipanda hadi utosini. Mtu akikunyooshea shati la kwendea kumharibia shughuli yake, ujue ana lake jambo.

Ghala lile nalikumbuka lilipokuwa la mbolea. Siku za joto bado linanuka. Wameweka mabenchi, wamepiga chokaa, na mbele wamejenga birika la saruji lenye ngazi, wakalipaka rangi ya bluu kama watoto wanavyochora mto. Nilikaa katikati, shati limenyooka, nikiwachunguza. Mchungaji nilimtarajia mpiga mayowe. Kumbe ni mtu mfupi, sauti ndogo, anayesubiri uongee kwanza. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopa zaidi, nikajiambia. Mke wangu alisimama kando ya birika na taulo mikononi.

Walipoingia wa kwanza na wa pili, hakuna aliyesema kitu. Kisha akasogea Sikio. Amezeeka vibaya. Shingo imekuwa nyembamba na kanzu inamwelea.

"Mwenye neno juu ya ndugu yetu huyu, na aseme," mchungaji akasema.

Nilikuwa nimeshasimama.

Nilisema yote. Sikuhitaji kipaza sauti. Nilisema jinsi alivyokaa karibu na mlango, jinsi alivyokula chakula cha mwenyekiti kisha akamuuza, sanduku lilivyokuja na misumari yake. Nikamaliza hivi: "Sasa mnataka kumtumbukiza majini atoke msafi. Nani kamsamehe? Mimi sijamsamehe. Na mwenye haki ya kumsamehe yuko ardhini."

Mchungaji akamgeukia. "Ndugu, ni kweli?"

"Kweli tupu," Sikio akasema. "Tena Kipaza amenionea huruma, amesahau malipo. Nililipwa usimamizi wa zamu. Nilipewa kofia. Nilikuwa naivaa hata siku za mapumziko."

"Usinifanyie unyenyekevu hapa!" Sauti yangu iligonga mabati. "Jibu swali moja, halafu nakaa. Ile nyumba ulioneshwa na nani?"

Akatazama saruji. "Hilo sitajibu, kaka."

"Mmemsikia?" Niliwageukia watu, furaha mbaya ikinichemka kifuani. Miaka yote ile, na sasa nimemkamata mbele ya mashahidi. "Ndiyo toba yenu hiyo! Bado anamfichia mwenzake siri!"

Mchungaji akasema polepole, "Ndugu, utaratibu wetu unaujua. Neno likibaki wazi siwezi kukuingiza."

"Najua, mchungaji. Basi nitabaki nje."

"Ulingoja sana siku hii."

"Nilingoja, ndiyo. Ila siyo maji yanayoniokoa. Aliyeniokoa ameshaniokoa, na anajua aliniokota wapi. Nilitaka tu niseme mbele za watu kwamba mimi ni wake. Kama bei yake ni kumtaja mtu mwingine, nitakwenda mbinguni hivi hivi, mkavu." Na mkono wake mmoja ukaanza kuhangaika na kifungo cha shingoni.

Mtu mmoja alicheka nyuma, kicheko cha kushtukiza, akajizuia. Mimi sikucheka. Nimewajua wasaliti. Nimelala nao chumba kimoja rumande, nimewasikia wakibanwa. Msaliti anapobanwa hutaja. Akikosa wa kumtaja humtaja mamaye. Huyu alikuwa amebanwa ukutani, mlango umefunguliwa mbele yake, jina moja tu na anapata alichokuja kukitafuta. Na hakulitaja. Nilitafuta hila iko wapi. Niliigeuza huku na huku kama ninavyogeuza gurudumu nikitafuta mwiba. Sikuiona.

"Usivue," mke wangu akasema.

Sikio akamtazama. "Mama, hapana."

"Usivue, nimesema." Aliweka taulo kwenye benchi, akanigeukia mimi, si watu. "Ni mimi."

Nilidhani sijasikia vizuri, mimi ambaye sikosi neno.

"Nilimpelekea kaka chakula. Ulinikataza nisiende kule, nikaenda, nilijua hajala. Huyu akanifuata. Kwenye kona ya reli niligeuka nikamwona, nikajiambia ni mpita njia tu. Ningerudi nyumbani. Ningezunguka. Sikuzunguka, chakula kilikuwa kinapoa. Jioni wakamchukua."

"Ulijua?" Sauti yangu ilikuwa imeshuka mahali ambapo sijawahi kuisikia. "Siku zote hizi?"

"Nilijua. Kila ulipomlaani mtu yule mezani, nilikuwa nakupakulia."

Nilitaka kuuliza kwa nini hakuniambia. Jibu likanifika kabla ya swali. Angemwambia nani? Mimi? Nilikuwa nimelinda kumbukumbu ya shemeji kama mlinzi wa usiku, tochi mkononi, nikimmulika kila mpita njia usoni, na nyuma yangu, ndani ya nyumba niliyoilinda, mtu alikuwa anatetemeka.

"Na unasema haya mbele ya wote hawa," nikasema. "Huogopi?"

"Niliogopa mpaka nikachoka. Nilikuja hapa nikiwa nimechoka hivyo. Wakaniambia Kristo alibeba na hilo, nikabisha kuliko wewe. Nikasema hilo hapana, labda mengine." Alijifuta uso kwa kiganja, haraka, kama anayefukuza nzi. "Sasa hukumu imekwisha, mume wangu. Siku hizi nalala."

Mchungaji alikuwa ananitazama. Wote walikuwa wananitazama, isipokuwa Sikio, aliyekuwa amefumba macho.

"Mzee wangu," mchungaji akasema, "neno lako bado lipo?"

Kulikuwa na maneno kwenye ulimi wangu, hayajawahi kunikosa. Nilihisi yalivyojipanga, makali, yenye tarehe na majina. Kuyasema kungekuwa kumsema yeye pia, mke wangu, aliyesimama pale bila kuinamisha kichwa. Sikusema kwamba nimesamehe. Nisingeweza, na wangejua ninadanganya. Nilikaa tu. Benchi likalia, na katika ghala lile lililonyamaza, kila mtu akasikia.

Mchungaji akangoja kidogo zaidi. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akashuka ngazi.

Nilimtazama Sikio alivyozamishwa. Nilitazama kwa makini, kama fundi anayemchungulia fundi mwingine. Hakuna mwanga ulioshuka. Aliibuka akikohoa, amemeza maji, nywele chache zimemganda kichwani, na mke wangu akamfunika taulo, akampigapiga mgongo. Alikuwa analia bila sauti na uso wake umetulia, mambo mawili ambayo nilikuwa naamini hayakai pamoja.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mke wangu, kwa njia ya nyuma ya karakana ambako Jumapili hapapiti mtu. Kawaida mimi hutangulia. Leo sikujua niende mwendo gani.

"Una hakika gani?" nikamuuliza hatimaye.

"Na nini?"

"Kwamba umesamehewa. Nani kakupa risiti?"

"Hakuna risiti."

"Sasa una nini?"

"Nina neno la mtu. La Yesu." Aliona nilivyokunja uso, akatabasamu. "Wewe ulitaka kila kitu kwa maandishi, na maandishi ya kiwandani uliyaona yalivyochanwa. Mimi nilipewa neno tu. Nimelikalia kwa uzito wangu wote na halijavunjika."

Sikio nitaendelea kumchunguza; huo ndio ukweli, na mke wangu anaujua. Kichwa changu ni kile kile. Lakini tulipopita kwenye ukuta mrefu wa karakana, kilikuwa kinanidai kitu kingine, swali dogo ambalo katika hasira yote niliyokuwa nayo sikuwahi kulifikia.

"Siku ile," nikasema. "Kile chakula. Alikula?"

Alisimama. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Alikula."

"Chote?"

"Chote. Tena akanisuta kwamba chumvi imezidi."

Nikamwona shemeji yangu, kwa mara ya kwanza tangu siku zile, bila askari pembeni yake: amekaa sakafuni, sahani mapajani, analalamika na mdomo umejaa. Mke wangu alikuwa analia na kucheka, amejishika ukutani.

"Ilikuwa imezidi kweli?" nikauliza.

"Kidogo," akasema.