Kadi ya Mwenye Macho

...kwa sababu kama ingekuwa imesomwa jana, leo Mzee Kiema asingekuwa amekaa hapo nyuma ya kaunta akipima ndengu za watu huku akicheka na redio, angekuwa anatafuta fimbo, kwa hiyo haijasomwa, au imepotea, kadi zinapotea njiani bwana, si kila kadi ya salamu inafika redioni Nairobi, Mungu wangu naomba iwe imepotea... na chupa ya mafuta ya taa imeshajazwa, Kalunde anaishika shingo kwa mikono miwili, hana sababu yoyote ya kuendelea kusimama dukani, mama anangoja nyumbani, lakini miguu imekataa, maana redio iko pale juu ya rafu na mtangazaji anasoma salamu, "...zimwendee Baba Mutindi popote alipo, aambiwe watoto wanamkumbuka...", na soko lote la Kalamba linasikiliza, wamama kwenye veranda wameacha hata kubishana bei, "Kalunde, usiende, kaa tusikize," anasema Muthoki, Muthoki mwenyewe, binti ya mzee, anafunga sukari kwenye gazeti na kutabasamu, lo, kwa nini anatabasamu, angekuwa amenuna ingekuwa afadhali.

Ilikuwa mchezo tu. Mchezo gani, Kalunde, usijidanganye, ilikuwa hasira, tena hasira ya kijinga, tangu Muthoki aende shule ya bweni Kitui amekuwa mtu mwingine, anarudi likizo na viatu vyeusi na maneno mapya, na Jumapili ile baada ya ibada Kalunde alimngoja langoni kama siku zote, akaambiwa "tangulia, nitakupata," akatangulia, akangoja, hakupatwa na mtu, akarudi, akawaona nyuma ya kinu cha unga, Muthoki na Faki, kijana wa yule Mwislamu anayeuza vitambaa Sultan Hamud, wanaongea, kusema haki ya Mungu walikuwa wanaongea tu, hata mikono hawakushikana, lakini kitu kikamchoma Kalunde hapa kifuani, siri kubwa hivi na yeye hakuambiwa, yeye aliyekula naye sahani moja tangu wakiwa hawana meno... "ndengu zako zina mchanga, mama, peta tena," Mzee Kiema anamwambia mtu... na ule utamu wa mwaka jana nao ulichangia, si uongo, mwaka jana kadi yake ilisomwa, Kalunde Mutunga wa Kalamba anawasalimu wanakwaya wote, na kesho yake watu asiowajua wakampungia mkono njiani, we si ndiye yule wa redio! akatembea wiki nzima kichwa juu, akataka tena, akanunua kadi nyingine na kuandika kwa herufi nzuri za darasani, salamu zimwendee Muthoki Kiema wa Kalamba na mpenzi wake Faki wa Sultan Hamud, tumewaona nyuma ya kinu, ni mimi Mwenye Macho. Alicheka akiandika, alicheka peke yake mpaka akashika tumbo. Jina lake akalificha, mjanja sana, ya wenzake akayaweka wazi, na mahali wanapokaa.

Sasa hacheki, maana anamjua Mzee Kiema, mtu mzuri, anakopesha hata wasiolipa, lakini ni mzee wa kanisa, na Syombua, dada yake Muthoki, alisemwa tu kisimani kwamba ana mvulana, maneno ya wanawake wawili watatu, hakuna aliyehakikisha, akatolewa shule akapelekwa Nuu kwa shangazi kuchunga mbuzi, yuko huko hadi leo, na hiyo ilikuwa kisima, hii ni redio, hii itasikika Kitui, itasikika Mwingi, itasikika dukani kwa baba yake Faki mbele ya wateja, na maneno ya kisimani mtu anaweza kuyakana lakini mtangazaji huyu atayasoma polepole kwa ile sauti yake ya asali na kuongeza kicheko... je, nikiangusha redio? nikijifanya nimeteleza? na redio za nyumba zingine, utaziangusha zote? "Sasa hizi zinakwenda Kalamba," mtangazaji anasema.

Kalamba. "Asi! Nyamazeni, ni sisi!" Mzee Kiema anaongeza sauti, wamama wanasogea mlangoni, Kalunde anafumba macho, ndiyo hii, nimemuua mwenzangu, "...kutoka kwa Muthoki Kiema, mwanafunzi huko Kitui, salamu nyingi zimwendee rafiki yake wa damu Kalunde Mutunga, anamwambia bweni ni upweke, akija likizo ana mengi ya kumwambia, asichoke kumngoja..." na watu wanapiga makofi, wanamsukuma bega, "mengi gani hayo, nyinyi wasichana?" mzee anacheka, na Muthoki ameruka nyuma ya kaunta kama mtoto, "Niliituma kabla hatujafunga shule! Nikajua imepotea, kumbe!"

Kumbe hazipotei. Kabla ya kufunga shule, na ile yangu niliituma baada ya kufunga, kwa hiyo iko nyuma ya hii, iko pale pale mezani kwa mtangazaji inangoja zamu, leo, kesho, Jumatatu, hata nikiandika nyingine ya kuikanusha itafika nyuma yake... naweza kunyamaza, hakuna anayemjua Mwenye Macho, nitakuwa wa kwanza kumfuta Muthoki machozi, nitamshika mkono akipelekwa Nuu, atalia begani kwangu na kuniuliza ni nani, Kalunde, ni nani aliyenifanyia hivi, na mimi nitasema sijui. Hapana. Hiyo siwezi, hata kama atanichukia mpaka kufa, hiyo siwezi.

"Muthoki, toka nje kidogo."

"Niende wapi na watu wamejaa? Umefurahi lakini?"

"Wacha sukari, toka." Mtangazaji ameshachukua kadi nyingine. "Kuna kitu kibaya nimekufanyia," Kalunde anamwambia sikioni, "na bado hakijafika."