Udhamini wa Mzee Mselem

Mzee Mselem wa Pangani alianza kujifunza kusoma akiwa tayari ana wajukuu, na hakuona haya. Herufi za Kiarabu alizijua tangu chuoni, alipofunzwa Kurani. Hizi za Kizungu alizifuata jioni, baada ya sala ya magharibi, akikaa na watu wazima wenzake chini ya taa ya karabai. Alikuwa amefika kwenye maneno marefu, ila aliyasoma kwa kupumzika katikati, kama mtu apandaye mnazi mrefu. Kila alipoinua mikono kuomba, aliongeza dua moja: asife kabla hajasoma kitabu kizima mwenyewe, bila kusomewa.

Mwalimu wao alikuwa Mlaili, kijana wa Ngazija katika visiwa vya Komoro. Siku moja akapata habari kwamba mama yake ni mgonjwa, hawezi, ikambidi aende kumwona. Kwenda hakukuwa na taabu, taabu ilikuwa kurudi. Kwa sheria ya siku zile, mwalimu wa nchi nyingine akitoka bila kibali cha kurudi, ruhusa yake ya kazi imekufa, na akija tena atarudishwa bandarini. Darasa nalo lingefungwa, maana wapi wangempata mwalimu mwingine wa kuwavumilia watu wazima wanaosinzia?

Kibali kilitaka mdhamini, mwenyeji wa kusimama mbele ya afisa kule Tanga na kuahidi kwamba mwalimu atarudi kazini. Darasa zima likamchagua Mselem. Huyu alikuwa mtu ambaye akiuza mbuzi, hutaja kilema chake kabla hujauliza bei. Hakuna aliyefikiri kwamba ukweli wake ndio utakaowatia mashakani.

Wakaenda Tanga watatu: Mlaili, Mselem, na Bi Mwatumu, mwanafunzi mwenzao, aliyesema anafuata uzi dukani. Afisi haikuwa na mlango, palitundikwa pazia la kaniki tu. Ukutani palikuwa na tangazo. Mselem akalikabili.

"U-si... te-me... ma-te," akasoma, jasho likimtoka. "Usiteme mate. Alhamdulillahi."

"Umelisoma vyema, sasa meza," akasema Bi Mwatumu.

Karani, Mbondei mmoja aitwaye Fanueli, akacheka. "Shikamoo mzee. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akawaingiza Mlaili na Mselem kwa afisa, Mzungu mwembamba aliyekijua Kiswahili vizuri. Bi Mwatumu akabaki kwenye benchi na mshono wake.

"Mzee," akasema afisa, "unaahidi kwamba mwalimu huyu atarudi kabla ya mwisho wa Septemba?"

"Atarudi, inshaallah."

Kalamu ya afisa ikasimama. "Sikuuliza hilo. Atarudi au hatarudi?"

"Atarudi, bwana. Inshaallah."

Afisa akageukia pazia. "Unaona pale? Kabla ya Ramadhani fundi aliniambia, mlango kesho, inshaallah. Ramadhani imekwisha, Idi imepita, na mimi bado naona miguu ya watu wote wapitao. Nyinyi mkisema inshaallah mna maana kwamba jambo haliwi."

"Fundi yule ni mvivu, bwana. Mungu hayumo katika uvivu wake."

"Basi sema atarudi, uishie hapo."

Mselem akamtazama Mlaili. Kijana alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili. Neno moja tu lilitakiwa liachwe, na darasa lingepona. Mselem akafumba macho, midomo ikamcheza kwa dua, kisha akafumbua.

"Bwana, bahari ni yake, na roho ya huyu kijana ni yake. Mimi hata Pangani sina hakika kama nitafika leo. Nikiahidi kwa nguvu zangu nitakuwa nimekudanganya mbele ya shahidi."

"Shahidi yupi?"

Mselem akaelekeza kidole juu. Fanueli, ambaye kwao Magila aliimba katika kwaya ya kanisa, akainamisha kichwa bila kujijua.

"Basi sina mdhamini," akasema afisa, akakifunga kizibo cha kalamu.

Hapo pazia likafunguka. Bi Mwatumu akaingia na kofia ya viua nusu yake imedariziwa, nusu bado nyeupe.

"Hamjambo humu? Mwalimu, nipe kichwa nikipime mara ya mwisho kabla hujapanda meli." Akamvisha mbele ya afisa, akamgeuza huku na huku kama boga sokoni. "Tazama, inabana tena. Mwanangu, kichwa hiki unakilisha nini?"

"Mama, subiri kidogo," akanong'ona Mlaili.

"Hii ni nini?" akauliza afisa.

"Kofia yake ya Maulidi ya mfungo sita. Kauchagua ua mwenyewe, kila jioni anakuja kuuliza nimefika wapi. Macho yangu yamekufa humu."

"Na asiporudi?"

"Nimvishe nani? Pangani nzima hamna kichwa cha ukubwa huu. Mtu aliyeacha kipimo cha kichwa chake kwangu ataenda wapi, bwana?"

Afisa akaiomba kofia. Akakitazama kila kitobo kidogo kilichozungushiwa uzi, kisha akaijaribu mwenyewe. Ikamshuka mpaka kwenye pua. Fanueli akaanza kukohoa akakosa pa kukomea.

Afisa akaivua, akaifungua kalamu. "Fanueli, andika: mwombaji ameacha kitu ambacho hakimfai mtu mwingine."

"Na mdhamini, bwana?"

"Andika alivyosema. Usipunguze neno."

Mselem akashukuru kwa kirefu, akiwaombea afisa na wazee wake. Afisa akasimama kumpa mkono. Pengine kwa kutaka kumpendeza, akasema, "Njooni kesho mchukue kibali, inshaallah."

Mselem aliyekwisha shika pazia akasita. Akalitazama pazia, akaitazama fremu tupu ya mlango. Kisha akarudi polepole, akaketi.

"Mzee, tumemaliza," akasema afisa.

"Samahani, bwana. Hii inshaallah yako ni ya kwetu, au ni ya fundi wako wa mlango?"

Afisa akavuta kiti, akakigonga kibali mhuri palepale.