Tonge la Mama Masatu

Za mwizi arobaini, na za Nyamhanga zilitimia mnadani Bunda. Alikamatwa akiuza ng'ombe wa jirani yangu Masatu, amesimama nao bila haya kama mwenye mali. Masatu mwenyewe tulikuwa tumemzika, mshale wa Nyamhanga umempitia shingoni.

Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni na sheria ilikuwa ya sungusungu. Walimburuza hadi kijijini kwetu, upande wa Butiama, wakimtwanga marungu njia nzima. Alipotupwa uwanjani kwa Boke, mama wa marehemu, jicho moja lilikuwa limefumba na meno ya mbele hayapo. Alikiri kuua. Nilimtemea mate, na sijutii.

Kwetu pigo la kwanza ni la mfiwa, wengine wanamalizia. Ila muuaji akilishwa na mfiwa, hakuna anayemgusa tena kwa kosa lile. Makongoro, kamanda wa sungusungu na shemeji yake Boke, akampa mama yule rungu.

Boke akalitupa, akaingia jikoni. Alitoka na ugali wa muhogo na dagaa.

Makongoro alielewa, akapandwa na wazimu. Aliinua panga ammalize Nyamhanga kabla hajala. Boke akajitupa katikati na panga likamshukia mkononi. Damu iliruka hadi kwenye sahani.

"Shemeji," alisema, "kila Jumapili naombaga Mungu anisamehe bure, na ananisamehe. Huyu nimwambie alipe?"

Kwa mkono uliobaki akamega tonge. Nyamhanga akageuza uso. Kufa alikuwa tayari. Kulishwa na mwanamke huyu kulimshinda.

"Mama, sistahili."

"Najua. Na mimi sikupendi. Kula."

Akafungua mdomo. Alitafuna kwa fizi zilizopasuka, damu yake na ya Boke pamoja, akameza. Makongoro aliangusha panga, akalia kama tunamzika Masatu upya.

Mkono wa Boke ulishonwa Musoma, lakini vidole havikukunjika tena. Nyamhanga alifunguliwa kamba na hakukimbia. Ndiye aliyemchungia Boke ng'ombe wale wa Masatu. Kila jioni nilisimama njiani nikiomba apoteze hata ndama mmoja, nipate sababu ya kumuua. Hakunipa.