Kili Kumi na Moja

"Mkeka wangu umechanika," fundi simu alilalamika kibandani mwake, na Shangazi, bila kuinua macho kwenye kazi, akanyoosha mkono.

"Lete niushone."

Miaka kumi na saba alikuwa ameshona mikeka kwenye kibaraza kile cha jirani na kibanda, na hakuna mpasuko uliowahi kumshinda. Iliyotafunwa na panya aliishona. Iliyoangukiwa na makaa aliishona. Kulikuwa na mmoja ambao mke na mume waliugombania, kila mtu akavuta upande wake hadi ukawa miwili. Huo nao ulirudi nyumbani mzima kuliko ndoa yenyewe. Kwa hiyo alishangaa kuona fundi simu, mtu mzima mwenye watoto wawili na kipara kinachobisha hodi, anacheka mpaka skrubu aliyoishika kwa kibano inamtoka na kupotelea mchangani.

Wakaitafuta pamoja, na huko chini, wakiwa wamepiga magoti, ndiko alikoelezwa. Mkeka huo haukaliwi. Ni mechi unazozipanga kwenye simu, moja ubavuni mwa nyingine, unabashiri kila moja itaishaje, na zikiingia unalipwa.

Shangazi alitafakari. Yeye husuka miyaa, majani makavu yaliyochanwa, ikawa utepe mrefu, ambao ndio ukili. Kisha hushona kili ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unatimia.

"Kwa hiyo kila mechi ni ukili," alisema.

"Kama hivyo."

"Na wewe unaziunganisha."

"Naziunganisha, Shangazi."

"Basi umevamia kazi ya watu. Ndiyo maana yako inachanika."

Wengine huingia kwenye kubeti kwa njaa, wengine kwa kusukumwa na marafiki. Shangazi aliingia kwa sababu ya fani.

Somo la kwanza lilikwama kwenye neno moja. Fundi simu alimwonyesha kwamba kwa kila mechi kuna njia tatu: ashinde wa nyumbani, ashinde mgeni, au iwe sare. Shangazi akataka kujua watavaaje sare watu wanaopingana, watatambuana vipi nani wa kumpa mpira. Alipofafanuliwa kwamba sare ni kutoka bila mshindi, alikunja uso zaidi. Watu wazima ishirini na wawili wakimbizane juani, watoke jasho, halafu asipatikane hata mmoja wa kujivunia? Hiyo aliiona kazi isiyo na mteja. Sare hakuigusa tangu siku hiyo.

Timu alizichagua kwa rangi. Mtu aliyepika rangi za ukili miaka yote hiyo anajua ipi inashika na ipi inachuja, na timu iliyovaa rangi ya kuchuja, alisema, hata mabeki wake watachuja. Akachagua tatu: nyekundu iliyoiva, kijani cha giza na nyeusi.

Msiba ni kwamba zote tatu ziliingia.

Alipata pesa ya uzi na kilo moja ya sukari, na papo hapo akawa mtaalamu. Kufikia jioni ile alikuwa anamshauri fundi simu, ambaye amechaniwa mikeka miaka minne, namna ya kuusoma mchezo. Fundi simu alimsikiliza kwa heshima. Ameyaona hayo. Yeye pia alianza kwa kushinda.

Jumatatu iliyofuata alikuja mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, mama mwembamba anayeongea kama anayehesabu watoto. Wanafunzi wake ishirini walikuwa wanalala mchana kwenye saruji, wakiamka wanakohoa kama wazee wa kamati. Alitaka mikeka ishirini midogo, kili sita kila mmoja, siku ya Ijumaa ya wiki ya pili. Akatoa nusu ya malipo. Kisha, bila ubaya wowote, akatupa jicho ng'ambo ya njia na kusema kwamba ikichelewa, itambidi anunue ya plastiki, kwa kuwa kifua cha mtoto hakisubiri.

Ng'ambo ya njia ndiko alikokaa shemeji. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wake Shangazi, na aliuza mikeka ya plastiki yenye maua ambayo hakuna bustani iliyowahi kuyaona. Kila asubuhi wawili hao walifungua biashara kwa kutaniana. Shemeji alikuwa akijisifu kwamba mikeka yake hailiwi na panya, naye Shangazi humjibu kuwa hata panya anajua chakula. Lakini utani una mpaka. Wateja wa kibaraza walikuwa wakipungua mwaka hadi mwaka, na shule ikishazoea plastiki, na wazazi wakaiona huko, Shangazi angebaki anasuka kamba za kufungia mbuzi. Alilijua hilo, ila hakulisema mbele ya shemeji.

Hadi Jumamosi alikuwa amemaliza kumi na mitatu, na miyaa imekwisha. Lori la miyaa hupita mara moja kila wiki tatu, na zamu yake ilikuwa kesho yake, Jumapili asubuhi. Pesa ya mizigo ilikuwa tayari, imelala kwenye simu.

Pesa ikilala ndani ya simu huota ndoto mbaya kuliko pesa iliyofungwa kwenye kona ya mtandio. Shangazi aliitazama mara ya kwanza baada ya chai. Akaitazama tena. Iongezeke mara mbili tu, angenunua miyaa ya miezi mitatu, asimsubiri tena dereva wa lori na kiburi chake. Iongezeke mara tano, angeweka kibao cha jina. Fundi simu alikuwa amekwenda mjini kununua vioo, hayupo wa kuulizwa. Akasuka mwenyewe. Kwa mikeka ya kweli, kili nyingi ndiyo heshima; mkeka wa kili tatu ni wa kuanikia dagaa. Akapanga mechi kumi na mbili, zote za rangi isiyochuja, akaweka pesa yote ya miyaa, na akabonyeza kwa dole gumba lile lile linalokaza ukili.

Mechi ya kwanza ilianza saa saba. Shemeji alivuka njia na redio yake ndogo, wakakaa. Iliisha bila kwa bila.

"Sare," alisema shemeji.

Shangazi alifyonya. "Ukili mmoja umeoza. Tuangalie nyingine."

Na nyingine zikaja, jamani, zikaja kama zilizoitwa kwa majina. Ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia, ya sita ikaingia katika dakika ya mwisho, shemeji akajikuta amesimama anaishangilia bila kujua ni timu ya wapi. Ilipoingia ya tisa Shangazi aliagiza chai ya kibaraza kizima, na maandazi, kwa deni. Muuza mkaa alikunywa, mshona viatu alikunywa, na mpita njia mmoja asiyejulikana alikunywa viwili akatoa pongezi. Ya kumi na mbili ilipoingia, jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mapaa, na Shangazi alikuwa amekwisha kuamua kibao cha jina kiandikwe kwa rangi gani.

Fundi simu akarudi na boksi lake la vioo, akapewa kikombe, akapewa na simu aisome. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shangazi. Huu ulichanika saa tisa kasoro, mechi ya kwanza tu."

"Najua. Ukili mmoja. Lakini kumi na moja zimeingia."

"Zimeingia."

"Basi wanilipe kumi na moja."

Fundi simu akaweka kikombe chini. "Hawapunguzi, Shangazi. Ukiharibika mmoja, umeharibika wote."

"Nani kasema? Mimi ukili ukioza naufumua, naunganisha zilizobaki, mkeka unakuwa mwembamba kidogo lakini mtu analala. Kumi na moja ni mkeka."

"Wako ni mkeka," alisema fundi simu taratibu. "Huu wanauita tu."

Muuza mkaa alikumbuka mkaa wake. Yule mpita njia, ambaye alikuwa ameanza andazi la tatu, alilirudisha kwenye sinia likiwa na alama ya meno.

Hapo fundi simu, kwa huruma, akafanya kosa ambalo wenye huruma hulifanya. Alisema iko mechi moja, inaanza baada ya nusu saa, ya uhakika, hata bibi yake aliye kitandani angeibashiri. Kwenye simu ya Shangazi ilikuwa imebaki pesa ya uzi. Aiweke yote, irudishe hasara, kesho alikute lori.

Shangazi alishika simu. Dole gumba likasogea. Shemeji alimwangalia, na hapa lazima tumtendee haki: Ijumaa ya Shangazi kufeli ilikuwa ni Ijumaa ya yeye kuuza mikeka ishirini ya maua. Hata hivyo alizima redio.

Dole gumba lilikaa juu ya kioo. Lilikuwa dole lenye sugu, na kwa miaka kumi na saba lilikuwa na desturi moja: likigundua ukili umepinda, haliendelei kusuka. Kuurefusha ukili uliopinda ni kuupa upotovu urefu tu. Shangazi aligeuza simu kifudifudi juu ya goti. Kisha akainua uso, akatazama juu ya mlango wake.

Hapo palining'inia mkeka mkubwa wa kili ishirini na nne, mweupe, uliopitiwa na mstari mwekundu unaokwenda kwa mapindo kama njia ya mlevi. Aliusuka mwaka alioanza kazi, uwe kigezo kwa wateja, na wengi waliutaka akakataa. Pindo la upande mmoja lilishonwa na marehemu mume wake, vibaya, siku aliyojigamba kwamba kazi ya kushona haina siri.

"Shemeji," alisema, "niletee ngazi."

Shemeji alielewa kabla hajafika kwenye ngazi. "Ule? Shemeji, ule si wa kuchanwa."

"Leo ni siku ya mikeka kuchanika. Huu angalau nauchana mwenyewe."

Wakaushusha, wakautandaza kibarazani, na vumbi la miaka likamfanya fundi simu apige chafya mara nne. Hesabu ilikuwa kichwani mwa Shangazi tayari. Kili ishirini na nne ndefu, kila moja ikatwe katikati, ni arobaini na nane. Kwa sita sita ni mikeka minane. Alihitaji saba.

Alianza kufumua. Mishono yake mwenyewe ilitoka kwa utii, uzi baada ya uzi. Alipofika kwenye lile pindo la upande, sindano ilikwama. Mafundo yalikuwa makubwa kama maharage, yamerudiwa, yamefungwa kwa hasira ya mtu aliyetaka kuthibitisha jambo. Alihangaika nayo, akacheka peke yake, akapangusa jicho kwa kiwiko.

"Hata kwenye uzi alikuwa mbishi," alisema.

"Lete hapa," shemeji akasema. Akaketi chini, suruali yake ya biashara kwenye vumbi. "Huyu namjua mimi. Nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na miwili, ananyang'anya shuka." Akainamia mafundo ya kaka yake kwa meno na kucha, na ng'ambo ya njia mteja akasimama, akapapasa maua ya plastiki, akasubiri, akaenda zake.

Fundi simu walimpa adhabu ya kutia uzi kwenye sindano wiki nzima. Macho yake, yaliyozoea skrubu, yalifanya hivyo vizuri sana, ingawa Shangazi hakuacha kumwuliza kila asubuhi kama ana uhakika na tundu hilo au anabashiri.

Alhamisi mchana mikeka saba ilikuwa imekamilika, na mmoja wa ziada. Ule wa ziada Shangazi alimtupia fundi simu kibandani. "Chukua," alisema. "Huo ukichanika, niletee."

Ijumaa aliipeleka ishirini kwa mkokoteni. Mwalimu mkuu aliipapasa mmoja mmoja, akahesabu mara mbili, akaamua kuitandaza mara hiyo hiyo kwa sababu ilikuwa karibu saa ya kulala. Watoto waliingia wamevaa sare, wote ishirini, shati jeupe na kaptula au sketi ya buluu, wakasukumana, wakazozana, wakalala.

Shangazi alibaki mlangoni. Ile saba ilikuwa imetandazwa kando ya ukuta wa mbali, na kwa bahati, au kwa jicho la mwalimu, imepangwa ubavu kwa ubavu kama ilivyotoka kwenye mkeka mkubwa. Mstari mwekundu ulitoka chini ya mtoto mmoja ukapinda, ukaingia chini ya wa pili, ukapinda, ukaenda. Kati ya mtoto wa nne na wa tano ulikatika; kipande chake kilikuwa kibandani kwa fundi simu. Mahali hapo palikuwa na saruji tupu, na viatu viwili vidogo.

Mtoto wa nne hakuwa amelala. Alikuwa anaufuata mstari kwa kidole, polepole, mpaka ukingoni. Kidole kikashuka kwenye saruji, kikatambaa, kikapita kati ya viatu, kikapanda upande wa pili na kuendelea.

Simu ilitetemeka kiunoni mwa Shangazi. Ujumbe wa kampuni ya kubeti, ule wa kila Ijumaa, wa kumkumbusha apange mkeka. Akaifunika kwa kiganja, kama unavyomziba mdomo mtoto anayetaka kucheka mahali pasipochekwa, akasubiri itulie, macho yake yakiwa bado kwenye kile kidole.